Mti wa Kipaimara

Watoto wa kipaimara, darasa la kuwaandaa kuthibitisha imani waliyobatiziwa, wa huku kwetu mlimani watakukariria Amri Kumi bila kukohoa. Waulize jina la mti unaotia kivuli dirisha la darasa lao, watatazamana. Mimi ni mwinjilisti wa Kilutheri upande wa Machame, chini kidogo ya msitu wa Kilimanjaro, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa darasa hilo. Siwalaumu watoto. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, ikifika kwenye Imani inaanza kwa kukiri kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote. Tangu wamisionari wa Leipzig walipofika mlimani huku 1893, maneno hayo yamefundishwa, yamekaririwa na kutahiniwa. Ila pale penye viumbe vyote sisi walimu tumezoea kupita kama basi la Arusha lisilo na abiria wa kushuka. Tunakimbilia dhambi, wokovu na mbingu, na mringaringa unabaki pale nje bila jina.

Aliyetulazimisha kusimama ni askofu. Fredrick Shoo, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini na kuchaguliwa kuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 2015, alihubiri miti hadi watu wakampa jina la askofu wa miti. Vijana wa kipaimara wakatakiwa wapande miti kabla ya kubarikiwa. Vijijini jambo hilo lilipokewa kwa namna zote. Wapo wazazi waliofurahi, na wapo waliouliza kama siku hizi Roho Mtakatifu anashukia kwenye kitalu.

Namna ya kwanza ya kutekeleza ndiyo ile inayojulikana kila mahali. Jumamosi moja ya masika watoto wanakusanyika uwanja wa kanisa, kwaya inaimba, mchungaji anapanda mti wa kwanza kwa jembe lisilowahi kugusa udongo, picha zinapigwa, soda zinagawiwa. Mwezi wa sita mbuzi wa jirani wanaingia. Januari jua linamaliza walichosaza mbuzi. Masika yanarudi na mashimo yaleyale yanachimbwa upya, kwa wimbo uleule. Mti wa wote hauna wa kuumwagilia maji, na huku kwetu mti unaishi pale tu ambapo kuna mtu anayepita kila siku akienda kukata majani ya ng'ombe au kuchota maji.

Kwa hiyo upandaji ukahamia nyumbani, kwenye kihamba. Asiyekijua kihamba cha Wachaga afikirie shamba lenye ghorofa: chini magimbi na maharage, juu yake kahawa, juu ya kahawa migomba, na juu kabisa miti mirefu inayochuja jua, na mfongo, yaani mfereji wa maji, ukipita katikati. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mfumo huo, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Nilipowasomea watoto habari hiyo kwa fahari, mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama FAO walilipa chochote.

Ukaguzi tuliuachia jumuiya. Kila jumuiya ina ibada yake ya nyumba kwa nyumba katikati ya wiki, na zamu ikifika kwenye nyumba yenye mtoto wa kipaimara, baada ya sala na chai wazee wanatoka nje kuuona mti. Hakuna fomu. Hakuna anayetia saini popote. Kuna akina bibi tu, na hao wanatosha. Bibi mmoja aliwahi kuinama penye mti wa mruka wa mjukuu wa jirani yake, akachokoa udongo kwa kidole mpaka chini, akainuka na kusema, "Huu umenyweshwa leo asubuhi kwa sababu mlijua tunakuja. Juu mbichi, chini vumbi." Mama mwenye nyumba akacheka kwa aibu, mtoto akatafuta mahali pa kujificha, na mti ule leo umepita paa la nyumba.

Ni hao akina bibi waliorudisha majina darasani. Tuliwaalika wafundishe, na walifundisha vizuri kuliko mimi. Kwamba mruka unawekwa kwenye kahawa kwa sababu kivuli chake ni chepesi. Kwamba mbao za mringaringa hazimsumbui seremala. Kwamba msesewe ndio unaotoa magome ya kutia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Hapo mzee mmoja wa kanisa alikohoa sana, maana kanisa linalokemea pombe kila Kwaresima lilijikuta likiotesha miche ya msesewe kwenye kitalu chake. Tuliiotesha hivyo hivyo. Mungu aliuumba msesewe kabla Mchaga hajaivumbua mbege.

Upinzani wenye uzito haukuja kwa watu wa kawaida. Ulikuja na Biblia mkononi. Tunaye mzee mmoja anayeyajua Maandiko kuliko wachungaji wawili niliowahi kufanya nao kazi. Huyo alisimama kwenye mkutano wa washarika akasoma Waraka wa Pili wa Petro, sura ya tatu, kwamba siku ya Bwana itakuja kama mwivi, na nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea. Akafunga kitabu na kuuliza, "Sasa Mwinjilisti, unawapandisha watoto miti ya kuchomwa?"

Wenzangu wengine wakipata swali hilo hujibu kwa ule msemo unaosemwa kuwa wa Luther, kwamba hata angejua dunia inaisha kesho, leo angepanda mtufaha. Msemo mzuri, ila hauonekani katika maandishi yake. Wachunguzi wanaufuatilia hadi Ujerumani ya mwaka 1944, karibu miaka mia nne baada ya Luther kufa. Kwa mzee kama huyu ukileta maneno yasiyo na sura wala mstari umekwisha. Nilimwomba anisomee pia Mwanzo 2:15, ambako mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, kisha Warumi 8, ambako viumbe vyote vinaugua pamoja na kuwa na utungu. Akasoma vyote viwili kwa sauti yake nzito. Tukabishana mpaka jua likashuka, na sikumshinda. Kilichotokea ni kwamba kijana mmoja aliuliza kutoka nyuma, kwa adabu, "Babu, ile kahawa mpya uliyopanda mwaka jana utaichuma lini?" Kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa, na Babu alikuwa amepita themanini. Watu walicheka hadi yeye mwenyewe akacheka. Hakubadili msimamo. Lakini alikuja kitalu wiki iliyofuata kutuonyesha namna ya kujaza udongo viriba vya miche ili mizizi isikunjike, maana kazi mbovu haivumilii hata kama dunia inateketea.

Hayo yalikuwa mabishano matamu. Machungu yalihusu ng'ombe.

Msitu wa hifadhi uko juu yetu. Tangu enzi za mkoloni kulikuwa na ukanda mwembamba pembezoni mwa msitu, wanaouita wengi nusu maili, uliotengwa ili watu wa vijijini wapate kuni na majani. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikauchukua msitu wote, na masharti ya kuingia yakawa makali. Sababu zilikuwepo. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, ikiwemo ile ya kamfa ambayo mbao zake zinanukia miaka na miaka. Nina hakika baadhi ya mabenchi tunayokalia tukiimba sifa yalitoka huko, na hakuna aliyewahi kuuliza risiti.

Katika hali hiyo mhubiri mgeni alialikwa kwa ibada ya mazingira. Alihubiri kwa moto. Alisema anayeingia msituni kukata jani ni mwizi wa mali ya Mungu, na akataja hasa akina mama wanaoteremka na mizigo kichwani alfajiri. Alikuwa na gari la kumrudisha mjini na jiko la gesi nyumbani kwake. Ibada ilipokwisha, wakati watu wanapeana mikono nje, mama mmoja mjane alinishika mkono akanivuta pembeni. "Mwinjilisti, mimi nimesikia. Sasa ng'ombe wangu ale nini?"

Swali hilo limenifundisha kuliko semina zote za utunzaji wa mazingira nilizohudhuria, na nimehudhuria nyingi, nyingine zikiwa na chakula cha mchana kizuri. Ng'ombe wa Mchaga hatoki nje. Anafungwa bandani na kuletewa majani. Kihamba kimegawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi hadi kimebaki kidogo kama ua. Ng'ombe ndiye ada ya shule, ndiye maziwa ya mtoto, na samadi yake ndiyo inayoishikilia migomba. Ukimwambia mama huyo asikate majani msituni bila kumwonyesha pa kuyapata, umemwambia amuuze ng'ombe, na asipomuuza utamwita mwizi kila anapokuja kupokea Meza ya Bwana.

Umoja wa wanawake wa usharika ndio uliochukua swali lile na kulifanyia kazi. Walianza kupanda majani ya tembo kwenye kingo za mifongo na kwenye matuta ya kuzuia mmomonyoko, na milusina, miti ya malisho, kwenye mipaka karibu na masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka. Kanisa lilikuwa na kipande cha shamba kilichokaa na magugu kikisubiri jengo lisilojengwa, wakakiomba, na baada ya vikao vingi kuliko ilivyostahili wakapewa. Wajane wanakata majani pale kwa zamu. Hayatoshi. Kiangazi kikikaza bado wapo wanaopanda juu alfajiri, na mimi nikikutana nao nawasalimia tu. Ila safari za msituni zimepungua, na zimepungua kwa sababu ya shamba lile. Hotuba ya yule mgeni haikupunguza hata moja.

Miche nayo ina siri yake. Tuliyoigawa bure ilikufa kwa wingi. Ndipo mtunza hazina wetu, mwanamke mwenye akili ya biashara, akaiingiza kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, pale penye mikungu ya ndizi, kuku na maziwa. Mche wa mringaringa ulinunuliwa kwa bei ya kuku, kwa sababu wanaume wawili wa ukoo mmoja hawakutaka kushindwana mbele ya mchungaji. Sitasema hiyo ni ibada safi ya moyo. Lakini aliyenunua mti kwa bei ya kuku hakubali ufe.

Jambo zito kuliko yote niliachiwa na wazee wa chemchemi. Karibu na sisi kuna mahali maji yanatokea chini ya miamba, na hapo zamani palizungukwa na mikuyu na miti mikubwa. Wazee wanaeleza kwamba hakuna aliyethubutu kupeleka shoka pale. Palikuwa pa matambiko. Wenye mfongo walitoa sadaka kabla ya kuufungua, na aliyekata mti alitegemea msiba. Kisha sisi tukaja na Injili. Tuliwafundisha babu zetu kwamba hakuna mzimu kwenye mkuyu, na tulifundisha kweli. Watu waliacha kuogopa. Miaka ikapita, mikuyu ikakatwa mmoja mmoja, na kamati ya ujenzi ya wakati huo ikapanda mikaratusi pale pale, kwa kuwa inakua haraka na nguzo zake zinauzika. Mkaratusi ni mnywaji mkubwa wa maji. Chemchemi ilipungua hadi ndoo moja ikawa inajaa wakati mtu anamaliza kusimulia habari za mji mzima.

Tuliondoa hofu ya mizimu na hatukuweka kumcha Mungu mahali pake. Mhubiri akisema Zaburi ya 24, nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA, mimi huwa nafikiria chemchemi ile, maana tuliichukulia kuwa haina mwenyewe mara tu tulipojua kwamba si ya mizimu. Babu zetu walikuwa na imani ambayo siifuati, lakini shoka lao lilikuwa na breki.

Kuing'oa mikaratusi kulileta ugomvi wa kweli. Waliotegemea mapato ya nguzo waliuliza kanisa litajengwa kwa fedha gani. Upande wa pili ulileta Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayozuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ilisaidia sana kuwa na sheria ya nchi mkononi, kwa sababu Mkristo anayeweza kubisha Zaburi mbele ya mchungaji hapendi kubisha mbele ya afisa mtendaji wa kata. Mikaratusi ilikatwa kwa awamu, ikauzwa, fedha zikaingia kwenye jengo, na darasa la kipaimara la mwaka huo likapanda mikuyu na miti mingine ya asili. Siku ya kupanda, mchungaji alisoma Zaburi ya 104 papo hapo penye maji. Mzee mmoja aliyewahi kumwona babu yake akitambika mahali pale alivua kofia. Sikumuuliza alikuwa anamheshimu nani. Maji yameongezeka kidogo. Wengine wanasema ni mvua nzuri za miaka hiyo, na huenda wana hoja.

Watu wa nje wakizungumzia Kilimanjaro wanazungumzia barafu. Ni kweli inaisha: kati ya 1912 na 2011 sehemu kubwa sana, kama asilimia 85 ya eneo lake, ilitoweka. Inauma kuitazama asubuhi ikiwa imebaki vipande. Lakini mito yetu hainyweshwi hasa na barafu. Inanyweshwa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na msitu huo umeliwa na moto mara nyingi kwenye kingo zake za juu. Oktoba 2020, moto ulipowaka kule juu kwa siku kadhaa, tuliuona usiku kutoka kanisani, mstari mwekundu kifuani mwa mlima. Vijana wengi wa vijiji walipanda kwenda kusaidia kuuzima, wengine wakiwa wa kwaya yangu, na viatu vya kanisani miguuni.

Ili watoto waelewe maji yanakwenda wapi, tulianza kuwapeleka tambarare. Kikafu na Weruweru zinazotoka kwetu zinaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo lilikuwa na jina lake kabla darasa letu halijafika huko, na sina la kuongeza. Joto la huko liliwashangaza watoto wa migombani. Walikula perege wa kukaanga, wakaimba na vijana wenzao wa kanisa la pale, kisha mvuvi mmoja akawaonyesha kwa mkono mahali maji yalipokuwa yanafika zamani na yanapofika sasa mwaka ukiwa mkavu. Akawauliza bila ukali, kama anayeuliza habari za nyumbani, "Ninyi wa juu, huko mnayafanya nini maji?"

Watoto walinitazama. Nikawaachia wajibu wenyewe. Binti mmoja alianza kueleza habari za chemchemi na mikaratusi, akachanganya, akarudi nyuma, wenzake wakamsahihisha, na mvuvi akasikiliza hadi mwisho huku akishona wavu. Alipomaliza, mvuvi alimwambia mto hauishii hapo. Unatoka bwawani ukiitwa Pangani, unazungusha mitambo ya umeme kule Hale na maporomoko ya Pangani, ndipo unaingia bahari. Tuliporudi nilibadilisha swali la mtihani wa amri ya kumpenda jirani. Badala ya kuwauliza jirani ni nani, nawaambia waorodheshe majirani zao kwa kufuata maji, kuanzia juu. Nimesahihisha majibu ambayo mchungaji aliyatumia kwenye mahubiri bila kuwataja wenyewe, jambo ambalo watoto hawajamsamehe.

Mwaka huu kuna ubishi mpya. Parachichi la kisasa limepanda bei, wanunuzi wanakuja na magari hadi vijijini, na wazazi wengi wanataka mti wa kipaimara uwe parachichi. Wanasema wazi kwamba mringaringa utamfaa mjukuu, wakati ada inatakiwa mwakani. Mchungaji ana wasiwasi kwamba tutageuza sakramenti kuwa soko, ingawa nimemkumbusha kwamba kwa sisi Walutheri kipaimara si sakramenti, na kwamba sisi ndio tulioiweka miche kwenye mnada. Mimi naunga mkono parachichi, mradi lisipandwe ndani ya mita 60 za chemchemi na lisiwe peke yake. Akina bibi wamependekeza kila parachichi liambatane na mti mmoja wa asili, na mti huo wa asili ndio utakaokaguliwa kwanza. Yule mzee wa Petro wa Pili anapinga yote mawili, ila ameshaomba atengewe miche miwili ya parachichi, iliyopandikizwa vizuri. Baraza la wazee linakaa Jumapili baada ya ibada ya pili.